Mvinyo mweupe wa Kijerumani uliokomazwa kwenye pipa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu mvinyo mweupe mkavu wa Ujerumani uliopita kwenye pipa la mti: unavyoonja, kwa nini unaonja hivyo, namna ya kuuchagua dukani na kuutambua ulioharibika. Maswali yana namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwa jingine.

## Mambo ya msingi

1. Mvinyo wa pipa una tofauti gani na mvinyo mweupe wa kawaida wa Ujerumani?

Mvinyo mweupe mwingi wa Ujerumani huchachuka na kukaa ndani ya matangi ya chuma kisichoshika kutu. Tangi halipitishi hewa, halitoi ladha yoyote, na hupozwa hadi nyuzi joto 15 au 18 ili harufu za tunda zisipotee. Kinachotoka ni mvinyo mwepesi na mchangamfu, unaonukia tufaha bichi, limau na pichi, wenye ukali unaojaza mate mdomoni.

Pipa hufanya kazi tatu ambazo tangi haliwezi. Kwanza, mti hupitisha hewa kidogo sana kwa muda mrefu, na hewa hiyo huupunguzia mvinyo ukakasi. Pili, umbo la pipa huutandaza mvinyo juu ya mashapo ya chachu, ambayo huongeza uzito mdomoni (swali la 7). Tatu, pipa likiwa jipya hutoa ladha ya mti wenyewe. Wengi huijua hiyo ya tatu tu, ilhali kwa mvinyo wa Kijerumani mara nyingi ndiyo ndogo kuliko zote.

2. Kwa hiyo si kila mvinyo wa pipa unanukia vanila?

La. Mambo mawili ndiyo yanayoamua: ukubwa wa pipa na umri wake. Pipa likiwa dogo, kila lita ya mvinyo hugusa mti mwingi zaidi. Likiwa jipya, mti bado umejaa vitu vya kutoa. Likishajazwa mara tatu au nne, karibu vyote vimekwisha, na kutoka hapo pipa hubaki chombo cha kupumulia tu.

Ndiyo maana chupa mbili zinaweza zote kuandikwa kwamba zimepita kwenye mti na zisifanane hata kidogo. Mvinyo wa pipa jipya la lita 225 utakupa vanila, moshi na karafuu. Mvinyo wa pipa la lita 1,200 lililotumika miaka 30 hautakupa mti kabisa. Utakupa utulivu, unene kidogo, na tunda lisilopiga kelele. Ukiuliza muuzaji swali moja tu, uliza: pipa la ukubwa gani, na jipya kwa kiasi gani?

3. Fuder, Stück, Barrique: haya ni mapipa gani?

Ni vipimo vya mabonde na mikoa. *Fuder* ni pipa la Mosel, lita 1,000 hivi. *Stück* ni la Rheingau na maeneo jirani, lita 1,200. Nusu yake ni *Halbstück* la lita 600, na mara mbili yake ni *Doppelstück* la lita 2,400. Hayo yote ni mapipa makubwa ya jadi, na mara nyingi ni ya zamani.

*Barrique* ni pipa dogo la Kifaransa la lita 225. Katikati kuna *Tonneau*, kwa kawaida lita 500, ambalo limependwa sana na watengenezaji wanaotaka kidogo cha mti bila kufunika zabibu. Kwa maoni yetu, Tonneau ndilo lililotoa mivinyo mingi mizuri ya Weissburgunder (zabibu iitwayo pia Pinot Blanc) kuliko Barrique.

4. Ladha ya nazi, karafuu na moshi imetoka wapi, wakati ndani kuna zabibu tu?

Imetoka kwenye mwaloni. Mti huo una laktoni zinazonukia nazi mbichi; mwaloni mweupe wa Marekani unazo nyingi kuliko ule wa Ulaya, na ndiyo sababu mapipa ya Kimarekani ni nadra kwa mvinyo mweupe wa Ujerumani. Una pia eujenoli, kemikali ileile inayoipa karafuu ya Pemba na Unguja harufu yake. Vanila hutoka kwa vanilini, ambayo huongezeka pipa linapobanikwa.

Fundi mapipa hukunja mbao juu ya moto, kisha huendelea kuzibanika kwa ndani. Mbaniko mwepesi huacha harufu ya mti mbichi na nazi. Wa kati huleta vanila, mkate uliochomwa na njugu za kukaanga. Mzito huleta moshi na kahawa. Kwa mvinyo mweupe huagizwa zaidi mbaniko mwepesi au wa kati, unaofanywa taratibu kwa moto mdogo.

Kabla ya moto kuna kazi nyingine isiyoonekana: mbao hukaa nje kwenye mvua na jua kwa miezi 24 hadi 36 ili tanini kali, yaani vitu vya mti vinavyoleta ukakasi, zioshwe. Mbao zilizokaushwa haraka kwenye tanuri hutoa mvinyo wenye uchungu wa ubao.

## Ndani ya ghala

5. Mvinyo huu hutengenezwa kwa hatua zipi?

Vichala vya zabibu hukamuliwa vizima, pamoja na vikonyo vyake, polepole kwa saa 3 au 4. Maji yake hutuama usiku kucha, saa 12 hadi 24, ili uchafu mzito ushuke. Mtengenezaji makini hayaachi yakawa angavu kabisa, kwa sababu chachu inahitaji chakula na ukungu kidogo huzaa mvinyo wenye kina.

Kisha pipa hujazwa, lakini si hadi juu: asilimia 10 hadi 15 huachwa wazi kwa ajili ya povu. Ndani ya pipa dogo joto hupanda lenyewe hadi nyuzi 20 au 25, na harufu za matunda ya kitropiki na peremende zinazopatikana kwenye tangi baridi hutoweka. Povu likitulia, pipa hujazwa hadi kwenye kizibo. Hapo huja uamuzi mkubwa: kutia salfa ili kuuzuia uchachukaji wa pili, au kuuacha utokee (swali la 6). Mvinyo hukaa juu ya mashapo miezi 8 hadi 11, huhamishiwa kwenye tangi utulie kwa wiki kadhaa au miezi, huchujwa na kuwekwa kwenye chupa.

Jambo linaloshangaza wengi: mvinyo uliochachukia ndani ya pipa jipya hunukia mti *kidogo* kuliko ule uliochachukia tangini na kuhamishiwa kwenye pipa baadaye. Sababu ni chachu. Ikiwa hai hubadilisha sehemu ya vanilini kuwa kitu kisicho na harufu kubwa, na mashapo yake hunasa vitu vingine vya mti. Ukionja mvinyo ambao mti umekaa upande mmoja na tunda upande mwingine, mara nyingi umehamishwa ukiwa umeshachachuka.

6. Mbona mwingine unanukia siagi?

Hiyo ni kazi ya bakteria aitwaye *Oenococcus oeni*. Hugeuza asidi ya maliki, kali kama ya tufaha bichi, kuwa asidi ya laktiki, ambayo ni laini na hupatikana pia kwenye mtindi. Njiani huzalisha diasetili, na hiyo ndiyo siagi unayoinusa. Huu ndio uchachukaji wa pili uliotajwa kwenye swali la 5; Wajerumani huuita kwa kifupi BSA.

Kwa zabibu za Chardonnay na Grauburgunder (Pinot Gris) wengi huuruhusu, wote au kwa sehemu ya mapipa. Kwa zabibu ya Riesling wengi huuzuia, kwa sababu ukali wake ndio uti wa mgongo. Siagi ikizidi, tatizo ni kwamba mvinyo ulitengwa na mashapo mapema. Chachu ikiachwa ndani humeza sehemu kubwa ya diasetili hiyo.

7. Mashapo yanafanya nini hasa, na kwa nini yanakorogwa?

Chachu ikishakufa huvunjika polepole na kuachia protini na sukari ngumu zisizo tamu. Hizo ndizo zinazofanya mvinyo uonekane mnene na wa krimu bila kuwa na sukari. Mashapo pia hula hewa, hivyo huulinda mvinyo usigeuke rangi.

Kukoroga kwa fimbo huyainua mashapo yaliyolala. Kawaida ni mara moja kwa wiki miezi ya mwanzo, kisha mara moja kwa mwezi. Ukikoroga sana, unaingiza hewa kila unapofungua kizibo, na mvinyo unakuwa mnene kupita kiasi na kuzeeka mapema. Siku hizi wengi Ujerumani wamepunguza au wameacha kabisa. Wanataka mvutano, si mafuta.

8. Pipa linaongeza pombe?

Halizalishi pombe, pombe hutokana na sukari ya zabibu. Kinachotokea ni uvukizi. Ghala likiwa kavu, maji hutoka kwa wingi kuliko pombe, na asilimia hupanda kidogo. Ghala likiwa na unyevu, kama yalivyo mengi ya Ujerumani yaliyochimbwa chini ya ardhi, pombe ndiyo hutoka zaidi na asilimia hushuka kidogo. Kiwango cha mivinyo hii ni asilimia 12.5 hadi 14.

Kwa sababu ya uvukizi huo pipa hupungua, na nafasi tupu ikibaki hewa hukaa juu ya mvinyo. Kwa hiyo mapipa hujaziwa kila baada ya wiki mbili hadi nne kwa mvinyo uleule uliotengwa pembeni.

9. Pipa lenyewe linaweza kuuharibu mvinyo?

Ndiyo, na mara nyingi kosa ni usafi au ukavu. Pipa lililokaa tupu husinyaa na kuvuja. Kabla ya kulitumia humiminwa lita 20 hivi za maji ya moto, huzungushwa na kusimamishwa kila upande, kisha hujazwa maji baridi usiku mzima. Likiendelea kudondosha kesho yake, halijazwi.

Pipa tupu lisilotibiwa huota ukungu au bakteria wa siki. Huchomewa utepe wa salfa ndani na kuzibwa, na kwa kuwa moshi huo hupungua nguvu, hurudiwa kila baada ya wiki nne hadi sita. Pipa likishanukia siki, usipoteze muda: hakuna dawa ya kuaminika kwa mbao zilizonywa siki. Kosa la pili ni la hesabu: kununua mapipa mapya mengi katika mwaka ambao zabibu zilikuwa dhaifu. Mvinyo mwembamba ndani ya pipa jipya hutoka ukiwa na ladha ya mbao na hauponi, hata ukae chupani miaka.

## Zabibu na mikoa

10. Zabibu gani zinafaa pipa?

Chardonnay ndiyo inayolibeba pipa jipya kwa urahisi zaidi. Inashangaza kukumbuka kwamba Ujerumani iliiruhusu rasmi mwaka 1991 tu. Weissburgunder, ambayo Ujerumani ina mashamba yake mengi kuliko nchi nyingine yoyote, inahitaji mkono mwepesi: ina harufu ya pea na lozi mbichi inayofunikwa haraka. Grauburgunder ina mwili mkubwa na asidi ya wastani. Kwenye pipa hutoa njugu, ganda la mkate na pea lililoiva sana.

Zabibu ya Silvaner ni kesi ya peke yake. Ilipandwa Castell, Franken, mwaka 1659, na bado ndiko inakong'aa. Harufu yake ni ya majani, nyasi kavu na udongo, na pipa kubwa la zamani huifaa kuliko chombo kingine chochote. Kwenye Barrique jipya hupotea kabisa.

11. Na Riesling?

Hapa watu hubishana. Riesling ndiyo zabibu kuu ya Ujerumani, karibu robo ya mashamba yote, na kumbukumbu ya kwanza ya jina lake iliandikwa Rüsselsheim mwaka 1435. Kwa karne nyingi ilikomaa ndani ya Fuder na Stück, kwa hiyo pipa si geni kwake. Kigeni ni pipa *jipya na dogo*. Riesling ina asidi ya gramu 7 hadi 9 kwa lita, mwili mwembamba na harufu nyororo za maua. Vanila tamu juu ya ukali huo huonekana kama kitu kilichobandikwa, na tanini za mti zikikutana na asidi huacha uchungu.

Wapo wanaojaribu, na wachache hufaulu kwa kutumia mapipa ya lita 500 au 600 na kuchachusha humohumo. Msimamo wetu ni kwamba Riesling bora za mti ni zile ambazo huutambui mti. Unachotambua ni kwamba ukali umelainika na ladha inakaa mdomoni muda mrefu.

12. Nitafute mkoa gani?

Ujerumani ina mikoa 13 ya mvinyo. Kwa Grauburgunder na Chardonnay zenye mti, anza Baden, hasa Kaiserstuhl, ambako udongo wa volkano na joto huzipa zabibu mwili wa kustahimili pipa. Pfalz na Rheinhessen ni nzuri kwa Weissburgunder na Chardonnay. Franken ni Silvaner, mara nyingi katika chupa bapa iitwayo Bocksbeutel. Kwa Riesling ya pipa kubwa, tafuta Mosel, Nahe na Rheingau.

13. Mbona wengi husema mvinyo wa Kijerumani si wa pipa?

Kwa sababu kwa miongo kadhaa haukuwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia matangi ya chuma, upozaji na uchujaji safi vilienea, na mapipa ya zamani yalionekana kuwa uchafu na kazi. Mengi yalikatwa yakawa vyungu vya maua.

Miaka ya 1980 baadhi ya wakulima walianza kuleta Barrique. Walipopeleka mvinyo wao kwenye uonjaji rasmi ambao kila mvinyo wa daraja la *Qualitätswein* (mvinyo wa ubora) lazima upite, wengine walikataliwa kwa hoja kwamba ladha ya mti si ya asili ya eneo. Wakauza kama *Tafelwein*, daraja la chini kabisa, kwa bei ya juu. Wimbi lililofuata lilizidisha mti. Hali ya sasa, ya mapipa makubwa na mti mchache, ni masahihisho ya wimbi lile.

## Lebo na bei

14. Nisome nini kwenye lebo?

*Im Barrique gereift* maana yake umekomaa kwenye pipa dogo; sheria ya Ujerumani inataka pipa lisizidi lita 350, na kwa mvinyo mweupe muda usiopungua miezi 4. *Im Holzfass gereift* ni pipa la mti bila kusema ni dogo, na mara nyingi huashiria pipa kubwa. Lebo isiyosema lolote haimaanishi hakuna mti: wazalishaji wengi wakubwa hawaandiki, kwa kuwa wanaona pipa ni nyenzo tu.

*Trocken* ni mkavu. *Grosses Gewächs*, kifupi GG, ni mvinyo mkavu wa shamba la daraja la juu la VDP, chama cha wazalishaji wa mvinyo kilichoanzishwa mwaka 1910. GG nyeupe haziuzwi kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka unaofuata mavuno. Kwenye maelezo ya kitaalamu ya mzalishaji tafuta maneno *neues Holz* (mti mpya) yenye asilimia. Chini ya asilimia 20 mti utakuwa mnong'ono. Zaidi ya 50, uwe unaupenda kweli.

15. Umeandikwa *trocken* lakini naonja utamu. Nimedanganywa?

Pengine hapana. Mvinyo mkavu unaruhusiwa sukari hadi gramu 4 kwa lita, na hadi 9 iwapo asidi yake haipungui sukari kwa zaidi ya gramu 2. Juu ya hapo, vanila na nazi za mti huudanganya ubongo: tumezoea kuzikuta kwenye vitu vitamu. Pombe ya asilimia 13.5 nayo ina utamu wake.

16. Je, kuna wanaotumia vipande vya mti badala ya pipa?

Wapo, na Umoja wa Ulaya uliruhusu vipande vya mwaloni mwaka 2006. Lakini mvinyo wa namna hiyo hauruhusiwi kuandikwa maneno ya kukomaa kwenye pipa, na Ujerumani haiviruhusu kwa daraja la juu la *Prädikatswein*. Dalili zake: vanila kali puani, kisha mdomoni hakuna unene wowote, na mwisho mkavu wa vumbi la mbao. Vipande hutoa harufu. Haviwezi kutoa hewa ya taratibu wala miezi juu ya mashapo.

17. Kwa nini ni ghali?

Barrique jipya la Kifaransa hugharimu mamia ya euro, mara nyingi karibu na 1,000. Linajaza chupa 300 za mililita 750. Kwa pipa jipya kabisa hiyo ni zaidi ya euro 3 kwa kila chupa kabla hujalipa zabibu, uvukizi, kazi ya kujazia na fedha iliyolala ghalani karibu mwaka. Ukiona mvinyo wa euro 5 unaonukia vanila, rudi swali la 16.

## Kunywa na kuhifadhi

18. Niupoze kiasi gani, na glasi ipi?

Nyuzi 10 hadi 12 kwa Weissburgunder na Silvaner, 12 au 13 kwa Chardonnay na GG. Friji huwa nyuzi 5 hadi 7, na kwa baridi hiyo harufu hufungwa huku uchungu wa mti ukijitokeza. Ulaya, toa chupa dakika 20 hadi 30 kabla. Dar es Salaam au Mombasa mchana, dakika 10 zinatosha, kisha irudishe kwenye ndoo ya maji na barafu, si barafu peke yake.

Tumia glasi yenye tumbo pana na mdomo uliobana, ujaze theluthi tu.

19. Unaendana na chakula gani?

Kwao huliwa na samaki wa maji baridi aitwaye Zander, nyama ya ndama yenye mchuzi wa krimu na uyoga wa msituni. Asparaga nyeupe, fahari ya majira ya kuchipua, huhitaji Silvaner au Weissburgunder yenye mti mdogo sana. Mti mwingi huifanya asparaga iwe chungu.

Kwa jikoni la pwani, kuku wa kupaka na samaki wa kupaka ni wenzi wa kweli wa Chardonnay au Grauburgunder ya pipa: tui hukutana na laktoni za mwaloni, na kuungua kwa mkaa hukutana na mbaniko. Sharti pilipili iwe ndogo, kwani pombe na tanini huzidisha mwako. Pilipili ikiwa kali, achana na pipa uchukue Riesling ya daraja jepesi la Kabinett yenye sukari kidogo. Aliyezoea mvinyo mweupe mwepesi wa Dodoma ataona huu mzito mwanzoni; aanze na Weissburgunder ya pipa kubwa.

20. Unakaa miaka mingapi?

Weissburgunder na Grauburgunder nzuri, miaka 3 hadi 8. Chardonnay ya juu, hadi 10. Riesling GG, 10 hadi 20. Hiyo ni kwa ghala la nyuzi 10 hadi 14, gizani, chupa yenye kizibo cha gome ikiwa imelala. Za kifuniko cha kuzungusha au kizibo cha kioo, ambazo Ujerumani ni za kawaida, zaweza kusimama.

Kwenye chumba cha nyuzi 30 hesabu hiyo haifai: miezi michache hutosha kuuchosha mvinyo na kusukuma kizibo nje. Huna kabati la kupozea? Weka chupa chini kabisa kwenye friji na uinywe ndani ya mwaka. Ikishafunguliwa, izibe na uirudishe kwenye friji. Hudumu siku 3 hadi 5, na mara nyingi siku ya pili huwa bora kuliko ya kwanza.

## Harufu za ajabu na kasoro

21. Nimefungua, unanukia njiti ya kiberiti iliyotoka kuwashwa. Umeharibika?

Mara nyingi hapana. Ni misombo ya salfa inayotokea mvinyo ukikaa juu ya mashapo bila hewa, na wapo watengenezaji wanaoitafuta makusudi. Mimina kwenye jagi, usubiri dakika 30. Ikigeuka harufu ya mawe yaliyogonganishwa, ndivyo ilivyokusudiwa. Ikibaki yai viza au kabichi iliyochemka, hiyo ni kasoro.

22. Kuna fuwele nyeupe chini ya chupa. Ni sukari? Ni kioo?

Ni chumvi ya asidi ya tartariki, iitwayo *Weinstein*, iliyoganda kwa baridi. Haidhuru, haina ladha ya maana. Mimina taratibu ibaki chini.

23. Nitazijuaje kasoro za kweli?

Kadibodi lililolowa na tunda kufifia: kizibo kina TCA, kemikali inayotokana na ukungu, irudishe dukani. Rangi ya dhahabu iliyokolea kuelekea kahawia kwenye mvinyo wa miaka miwili, na harufu ya tufaha lililokatwa jana: hewa imeingia. Harufu ya rangi ya kucha au ya siki: bakteria, tazama swali la 9.

Ipo nyingine ambayo wengi huilaumu pipa bure: harufu ya vidonge vyeupe vya kuwekea nguo kabatini, pamoja na uchungu mwembamba. Wajerumani huiita UTA. Hutokana na mizabibu iliyopata kiu na njaa shambani, na hutokea kwenye tangi vilevile.

24. Riesling yangu inanukia mafuta ya taa. Pipa lilikuwa la mafuta?

Hapana. Ni TDN, kitu kinachotokana na rangi za asili za ganda la zabibu na huongezeka kadiri Riesling inavyozeeka chupani, hasa iliyotoka kwenye jua kali. Kidogo ni pambo, ikitawala ni dosari. Pipa halihusiki.

## Maswali ya pembeni

25. Mivinyo mitamu nayo hupita kwenye pipa?

Mosel, ndiyo: mivinyo ya madaraja ya Kabinett, Spätlese na Auslese kwa wingi bado huchachukia ndani ya Fuder kongwe, na baadhi ya lebo hubeba namba ya Fuder husika. Pipa jipya kwa mvinyo mtamu wa Riesling ni nadra. Sukari, vanila na asidi kubwa ni vitu vitatu vinavyovutana.

26. Mti wa mapipa ni wa Ujerumani?

Mwingi wa Barrique ni wa Ufaransa. Kwa mapipa makubwa hutumika sana mwaloni wa Pfälzerwald na Spessart, misitu ambamo mti hukua polepole na pete zake kubanana, hivyo hutoa ladha pole pole. Baadhi ya wazalishaji hukata mialoni ya msitu wao wenyewe na kuikabidhi kwa fundi wa mapipa.

27. Pipa kubwa, mvinyo bora?

Kuna kikomo. Kwenye kasri la Heidelberg kuna pipa la mwaka 1751 linalochukua lita 220,000 hivi. Lilijazwa mvinyo uliotolewa na wakulima kama kodi, wa kila shamba na kila ubora, ukachanganywa wote humo. Kwa ukubwa huo mti haugusi mvinyo kwa kiasi cha maana, na pipa likivuja hakuna wa kulihamisha. Kikomo cha vitendo kwa mvinyo mzuri ni lita 2,400, mara chache 5,000.

28. Mvinyo wa pipa una salfaiti nyingi kuliko wa tangi?

Si lazima. Kikomo cha Umoja wa Ulaya kwa mvinyo mweupe wenye sukari chini ya gramu 5 kwa lita ni miligramu 200 kwa lita, pipa au tangi, na juu ya miligramu 10 lebo lazima iseme *enthält Sulfite*. Uliokaa juu ya mashapo hulindwa nayo na unaweza kuhitaji kidogo; ulioachiwa nafasi tupu ndani ya pipa huhitaji zaidi. Mwenye pumu inayochochewa na salfaiti achukulie yote kuwa nazo, kwa kuwa chachu yenyewe huzalisha kiasi hata kama hakuna aliyeongeza.